Niliacha Kitanzi, Sikuacha Kutega

Nilijua kutega kabla sijajua kusoma. Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, huku kwetu Kilifi, hilo halikuwa jambo la kujivunia wala la kuficha. Mtoto wa kiume alifundishwa kulima, kukwea mnazi na kutega. Nyama ya ng'ombe tuliionja matangani na harusini. Kitoweo cha siku nyingine, kilipopatikana, kilitoka msituni: paa, sange, kanga, panya buku, na kwa bahati njema nguruwe mwitu.

Leo mimi ni mfugaji wa vipepeo. Vijana wa kijijini huniuliza niliwezaje kuacha kutega, nami huwajibu kwamba kutega sijaacha. Nilichoacha ni kitanzi. Jibu hilo huwachekesha, kwa hiyo hapa nitalieleza vizuri.

Nianze na ujuzi wenyewe, maana wengi wanaoulaani hawaujui. Aliyenifundisha ni babu, baba yake baba. Mtego wake haukuwa na kitu hata kimoja cha dukani. Kamba aliitoa kwenye mkonge wa porini, ule unaoota wenyewe vivulini, majani yake manene yamesimama wima. Unakata jani lililokomaa, unaliponda juu ya gogo kwa rungu, kisha unalikwangua kwa panga butu mpaka nyama ya kijani itoke na kubaki nyuzi nyeupe. Nyuzi unazisuuza, unazianika, halafu unakaa chini na kuzisokota pajani. Kila fungu unalisokota kuelekea upande mmoja, kisha mafungu mawili unayapotanisha kuelekea upande wa pili. Kila fungu linataka kujifungua, na katika kutaka kujifungua linamkaza mwenzake. Kamba nyembamba ya namna hiyo ilimzuia paa mzima. Mkonge ulipokosekana, tulichuna gome la ndani la mbuyu, lakini kamba yake ilikuwa nene na mnyama aliiona mapema.

Baada ya kamba, ufito. Unatafuta mti mchanga ulio hai, umeota kando ya njia ya mnyama, unene wake wa kidole gumba, unaopindika hadi chini bila kulia. Ukilia ujue umeanza kupasuka. Unaupunguza matawi, ncha yake unaifunga kamba, na katikati ya kamba unafunga kijiti kifupi ambacho ndicho mtambo. Kijiti hicho unakiingiza chini ya kigingi chenye ndoano kilichopigwa ardhini, kikae kwa shida kidogo tu. Kikishika kwa ulegevu, upepo unakifyatua. Kikishika mno, mnyama anapita na kuikata kamba. Mwisho wa kamba ndio kitanzi, kimefunguliwa juu ya njia na kushikiliwa na vijiti viwili vyembamba. Cha paa kinakaa juu kidogo, cha sange kinakaribia kugusa ardhi. Kijiti kikichomoka, ufito unarudi juu, basi.

Lakini hayo yote ni kazi ya mikono, na babu aliiita kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kusoma njia. Paa wetu, yule mdogo asiyezidi kilo tano hivi, ana njia zake na mahali pake pa kuwekea kinyesi, naye hurudi hapo hapo. Ukiyatazama majani yaliyolala, ukauona unyayo wa jana juu ya wa juzi, unajua atapita wapi na saa gani. Mahali ambapo njia ilikuwa pana tulijenga uzio mfupi wa matawi na kuacha mwanya mmoja, kwa sababu mnyama akikuta kizuizi huona afadhali kukizunguka kuliko kukiruka. Mtegaji asiyejua hilo atafunga vitanzi vingi na kurudi nyumbani na kamba zake.

Kwa panya wa shambani tulikuwa na mtego wa jiwe. Huku upande wa Gede mawe bapa ya matumbawe hayana shida. Unalisimamisha jiwe kwa vijiti vitatu vilivyochongwa pembe: kimoja kimesimama, cha pili kimelalia juu yake, cha tatu kimebeba chambo na kuwashikilia wenzake wawili. Chambo ni kipande cha nazi iliyochomwa. Panya akigusa, vijiti vinaachana na jiwe linashuka. Wazee walisimulia pia habari za marima, mashimo yaliyofunikwa kwa fito na majani ili nguruwe atumbukie. Babu aliyakataza kwetu. Alisema shimo halitambui nguruwe na mwanamke anayeokota kuni.

Mitego hii yote ilikuwa na mwisho wake ndani yake, na hili nililielewa baadaye sana. Ufito ukikaa umepindwa siku kadhaa hukubali kupinda, ukapoteza nguvu. Mvua ikinyesha kamba hujikunja, jua likiwaka hukakamaa. Mchwa hula kigingi. Mtego wa miti na nyuzi usipotembelewa kila asubuhi unajifia wenyewe. Ndiyo maana babu alikagua mitego yake kila kukicha, na alipokuwa na safari alikwenda kwanza kuitegua yote. Mtoto aliyesahau kutegua alinyimwa kutega. Kwa kifupi, mtu alinasa kiasi cha wanyama ambacho miguu yake iliweza kuwafuata na mikono yake kuwasokotea kamba. Hakuna aliyetupimia kiasi hicho. Vifaa vyenyewe vilitupimia.

Sheria haikutazama tofauti ya kamba na kamba. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kitanzi cha mkonge nacho ni kosa. Vijijini tuliendelea, kwa njaa na kwa mazoea, tukawa watu wa kuingia msituni kabla ya mapambazuko na kutoka kwa njia nyingine.

Kilichobadilisha msitu hasa ni waya. Waya wa breki ya baiskeli, waya wa simu, nyuzi za chuma zinazotolewa kwenye tairi bovu. Kijana hakuhitaji tena kuponda mkonge wala kutafuta ufito. Alikata vipande, akakunja vitanzi, akafunga kwenye miti kuizunguka njia yote, akaenda zake. Mimi nami nilizitumia, kama kila kijana wa rika langu. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika chache. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ndogo, hakuna aliyehesabu wala kukumbuka alikofunga. Waya hauozi, hauliwi na mchwa, haulegei kwa mvua. Mwenyewe akiugua, akihamia Malindi kutafuta kibarua, hata akifa, waya wake unaendelea kukaba. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na sijaona mahali methali hiyo ilipotimia zaidi kuliko msituni kwetu. Waya uliofungwa kwa ajili ya paa ulimnasa nguchiro, kanu, mbwa wa jirani. Nyama nyingi iliozea mtegoni bila kuonjwa na mtu.

Aliyeumia kuliko wote ni sange. Msomaji ambaye hajamwona amfikirie mnyama wa nusu kilo na ushei, mwenye pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na kiuno chenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Hutafuta wadudu mchana chini ya majani makavu, usiku hulala kwenye kiota alichokirundika kwa majani hayo hayo. Sange wa kiuno cha dhahabu hapatikani popote duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na Arabuko-Sokoke, yenye kilomita za mraba 420 hivi, ndiyo ngome yake kuu. Miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun aliwachunguza sange katika msitu mdogo unaozunguka magofu ya Gede, akaonyesha kwamba dume na jike hushika eneo lao pamoja na hawaachani. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Ngozi ya kile kiuno cha dhahabu ni nene kuliko ya mgongo, na inasemekana rangi ile humvuta adui aume pale ambapo jino halidhuru sana. Kinga hiyo ni ya meno na kucha. Waya hukaba shingo.

Mambo haya sikuyajua nilipokuwa nikitega. Nilichokijua ni kwamba sange wamepungua, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nikisikia mikia yao ikipiga majani makavu kutoa tahadhari, na sauti hiyo ikawa adimu. Hata hivyo, mtu mwenye njaa haachi kitoweo kwa sababu kimepungua. Huongeza waya. Kama kuna anayedhani nilibadilika kwa kuhurumia wanyama, namwomba radhi. Nilibadilishwa na mapato, huruma ilikuja nyuma yake.

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakati huo wengi wetu tuliokuwa ukingoni mwa msitu tulitamani ukatwe na kugawanywa uwe mashamba. Tembo walikula mahindi yetu, nyani wakamalizia, na sisi tukikutwa na kuni tulishikwa. Wakaja watu kutuambia kwamba vipepeo wa msitu huo wanaweza kufugwa, na kwamba Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kuwatazama wakiruka. Tulicheka. Nani alipe fedha atazame mdudu?

Cheko liliisha jirani yetu, mama mmoja mjane, alipolipia ada ya shule ya wanawe kwa fedha za mabuu yaliyokwisha kujifunga. Nilikwenda kwake kumuuliza, nikidhani ni kazi ya wanawake na watoto. Alinitazama akaniambia, "Mwanangu, wewe unajua njia ya paa gizani. Mdudu wa mchana atakushinda?" Nikajifunza kwake, kisha kwa wataalamu wa mradi.

Nilichogundua ni kwamba kazi hii ni kutega, tena kutega kwa akili zaidi. Mfugaji anahitaji vipepeo majike kutoka msituni wawe mbegu. Wengine hukamatwa kwa wavu wa mkono, lakini wale wakubwa wenye kasi, wanaokaa juu kwenye matawi ya mirihi, hushuka kwa chambo tu. Nachukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, nazivundika siku kadhaa mpaka zinuke pombe. Naunda pete mbili kwa fito mbichi, zile zile za babu, nazizungushia chandarua kiwe pipa refu lililofungwa juu na wazi chini. Chini yake naning'iniza kibao chenye ndizi, nikiacha mwanya wa vidole vichache. Kipepeo huingia kwa chini kufuata harufu, akinywa akashiba huruka kwenda juu, kwa sababu kila kipepeo akishtuka hukimbilia mwangani. Mlango ameuacha chini, naye hakumbuki kushuka.

Hapo ndipo mtego huu unapokizidi kitanzi. Ninapofika, kila aliyenaswa yu hai. Namtaka jike wa aina fulani, mwenye mbawa nzima. Wengine wote nafungua na kuwaachia. Babu alikuwa na ujuzi wa kuchagua njia, kimo cha kitanzi na saa ya kukagua, lakini kitanzi chake kikishafyatuka hakikumpa nafasi ya kuchagua tena. Mimi ninayo.

Jike nikimfikisha nyumbani namweka katika kibanda cha wavu pamoja na mti anaoupenda kutagia. Kila aina ina mti wake, na hili nalo ni sawa na kujua paa anakula nini. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye milimau na midimu, ndiyo maana shamba langu sasa lina michungwa ambayo sitarajii machungwa yake. Mayai yakianguliwa, mabuu hula usiku na mchana. Adui wao ni wengi: sisimizi, mijusi, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wa buu. Miguu ya meza naisimamisha ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Buu akishajifunga na kutulia, kuna siku chache tu kabla hajatoka kipepeo, na katika siku hizo lazima afikishwe Gede, apangwe kwenye pamba, apande ndege na kufika ng'ambo. Mfugaji anayechelewa hana bidhaa.

Kwa kazi hii msitu uligeuka machoni pangu. Miti mingi ya kulishia asili yake ni huko. Mbegu mpya ya vipepeo lazima itoke huko, kwa kuwa wakizaliana vizazi vingi kibandani hudhoofika. Msitu ukikatwa leo, vibanda vyetu haviendi mbali. Mtu aliyewahi kutamani msitu ugawanywe alianza kuuliza nani ameingia na shoka. Nikijikuta kwenye njia zangu za zamani naona waya upesi kuliko askari, kwa sababu najua ningeufunga wapi. Wanapokwenda doria kuondoa mitego, wenzangu na mimi tuliowahi kutega ndio hutembea mbele. Hakuna darasa linalofundisha jicho hilo isipokuwa lile tulilopitia.

Sitaki kuipaka kazi hii mafuta. Majira ya baridi ya Ulaya maonyesho mengi hufunga na maagizo hupungua. Kiangazi kikali kikitujia sisi, majani hukauka na mabuu hufa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka na ndege kutua chini, mabuu yetu yalitoka vipepeo mikononi mwetu, hakuna wa kununua. Watalii nao hawakuja. Mwaka huo ulinipima kuliko miaka yote. Mkonge ulikuwapo, waya ulikuwapo, na njaa ilikuwapo. Wapo waliorudi msituni, nami siwatukani, kwa kuwa najua sufuria tupu inavyosema. Mimi nilishikilia muhogo, nyuki na kuku mpaka maagizo yakarudi. Kilichonizuia ni hesabu nyepesi: sange niliyemla leo hazai kesho, na msitu usio na wanyama hauna wa kuutetea siku wakija wenye kutaka viwanja.

Wajukuu wangu nawafundisha kusokota kamba. Wanajua kuponda mkonge, kupima ufito kwa sikio, kuchonga vijiti vitatu vya mtego wa jiwe. Jiwe wanaruhusiwa kulitega ghalani na shambani, kwa panya wanaokula mahindi. Kitanzi cha njia ya paa nawaonyesha namna kinavyofanya kazi, kisha tunakitegua pamoja. Baadhi ya jamaa wananilaumu kwamba nawafundisha uhalifu. Mimi naona mtoto asiyejua mtego hataujua akiukuta, na asiyejua namna mnyama anavyotembea hatajua amepungua. Maarifa ya babu yalikuwa ya kuusoma msitu kabla ya kuwa ya kuua, na nusu hiyo ya kwanza hakuna sheria iliyowahi kuikataza.

Kwako wewe kijana ambaye bado unaingia kabla ya alfajiri, nina maneno matatu. Kwanza, waya uliofunga mwaka jana na kuusahau bado uko kazini. Rudi uutegue, hata kama hutaki kuacha. Pili, ujuzi ulio nao una soko lingine: waongoza watalii, wafugaji wa vipepeo, warina asali na timu za doria wote wanahitaji mtu anayejua njia za msitu. Nenda Gede ukaulize. Tatu, kwa kila mpita njia, mtegaji na asiye mtegaji: ukikuta kitanzi msituni, kumbuka mahali kilipo na uwaite askari wa msitu au wa wanyamapori wakiondoe na kwenda nacho. Ukikifungua na kukitupa pale pale chini, mwingine atakiokota na kukifunga tena jioni.